Siku Saba Ndani ya Chujio

Mzee Hesabu alikuwa na desturi ya kuhesabu vitu ambavyo havikuwa na mpango wowote wa kutoroka. Akiamka anahesabu viti vya sebuleni. Sita. Akifika jikoni anahesabu vikombe, na kikikosekana kimoja chai hainyweki nyumba nzima mpaka kipatikane, hata kama mwizi wa kikombe ni yeye mwenyewe na kikombe chenyewe kiko mkononi mwake. Lakini usimcheke upesi. Mtu amekuwa askari wa gereza miaka thelathini na mmoja, anahesabu wafungwa asubuhi, mchana na jioni, halafu siku moja anaambiwa asante sana, kapumzike. Apumzike vipi? Majirani ndio waliompa jina hilo la Hesabu, na yeye akalipokea kama amepandishwa cheo.

Mkewe alikuwa mkunga, na mtaa mzima ulimwita hivyohivyo, Mkunga. Huyo naye kazi yake ilikuwa ni kupokea watu, ila yeye aliwapokea wakiingia duniani na mumewe aliwapokea wakiingia ndani, kwa hiyo hawakuwahi kumtazama binadamu kwa jicho moja. Mkunga akimwona mtu amenuna humwuliza, "Umekula?" Mzee Hesabu akimwona mtu huyohuyo humwuliza, "Umefanya nini?"

Kila mgeni aliyeingia sebuleni humo alisimuliwa hadithi ya sabuni. Mzee Hesabu aliisimulia akiwa kwenye kiti chake cha mikono kando ya dirisha, kiti ambacho hata mkwe wake hakuthubutu kukikalia. Sabuni zilikuwa zinapotea stoo ya gereza, mche mmoja leo, mche mmoja kesho. Yeye akawapanga wafungwa mstari, akapita akiwatazama nyuso, akasimama mbele ya kijana mmoja mwenye kovu juu ya jicho. "Ni wewe." Hakuuliza mara mbili. Akampa siku saba za kukaa peke yake, kisha akamwongeza saba nyingine. "Mwizi ameandikwa usoni," humalizia akigonga mkono wa kiti. "Lisemwalo lipo." Mkunga alikuwa ameisikia hadithi hiyo mara nyingi mno, na ikifika pale pa "ni wewe" tayari ameshainuka kwenda kuongeza maji ya chai.

Sasa, Mkunga alipostaafu, wenzake wa wodini walimpa zawadi ya tangi la samaki. La kioo, refu kama benchi la kungojea daktari, na maji yake ya chumvi, siyo haya ya bomba tunayofulia. Ndani mna mawe, mchanga, kipande cha chungu kilichovunjika, pampu inayonguruma, na samaki watano. Kulikuwa na Njano, bapa kama sahani, mpole, kazi yake kulamba ukungu wa kijani kwenye mawe kutwa nzima. Kulikuwa na Bi Harusi na mumewe, wa rangi ya chungwa na mikanda myeupe, wazuri hadi basi. Kulikuwa na Mlalahoi, ambaye alilala mchangani na hakuwa na ugomvi na mtu. Na kulikuwa na wa tano, wa buluu, mdogo kama kidole gumba, mwenye doa jeusi juu ya jicho. Mkunga alimwita Samawati. Mzee Hesabu alimtazama mara moja tu, akasema, "Huyu ni sugu," na Sugu ndilo lililoshika.

Kusema kweli, Sugu hakuwa malaika. Wiki ya kwanza alimfukuza Mlalahoi tangi zima mpaka maskini akajizika mchangani. Baadaye akatulia. Lakini kwa Mzee Hesabu mtu hatulii, anajificha tu.

Ikafika siku binti yao wa mwisho, aliyeolewa mji mwingine, akakaribia kujifungua mtoto wake wa kwanza. Mkunga akafunga mizigo ya wiki mbili. Akiwa mlangoni, begi begani, akageuka.

"Nisikilize, mume wangu. Binti yetu likizo yake ikiisha atarudi kazini, na anataka mtoto aje alelewe hapa. Mimi mikono imechoka, siwezi peke yangu. Watoto wetu wanne niliwalea mimi, wewe ukiwa zamu."

"Nilikuwa kazini, mama."

"Sikulaumu. Ila sijawahi kukuona ukitunza kitu kisicho na kufuli. Kwa hiyo nakuachia hawa. Nikirudi niwakute watano. Wakiwa watano wazima, mtoto aje. Wasipokuwa wazima, mimi nitaenda kumlelea kwao hukohuko, mwaka mzima, na wewe utabaki hapa na viti vyako sita."

Mzee Hesabu alicheka. "Miaka thelathini na mmoja sijapoteza hata mmoja."

"Hao walikuwa na ukuta," alisema Mkunga, akaenda zake.

Alicheka, lakini moyoni hakikuwa kicheko. Mjukuu huyo alikuwa akimtaka kupita kiasi. Alishamnunulia kofia, akaificha chini ya soksi zake ili Mkunga asimwone mlaini. Akavuta kiti mbele ya tangi, akahesabu: mmoja, wawili, watatu, wanne, watano. Akaandika kwenye kijitabu: *Wote wapo, hali shwari.*

Hali shwari ilidumu siku moja. Siku ya pili asubuhi alihesabu watano, ila mkia wa Njano ulikuwa umeng'atwa, pembe moja imetoka kabisa. Mzee Hesabu akavaa miwani. Akazunguka tangi mikono mgongoni, polepole, na samaki wote wakasogea nyuma. Bi Harusi alikuwa amenenepa, anakula vizuri, haondoki kwenye chungu chake: mfungwa wa mfano, huyo angefaa kuwa nyapara, kiranja wa wenzake. Mumewe yupo hapohapo kando yake, ndoa nzuri. Mlalahoi amelala. Na Sugu? Sugu alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe, anachungulia kwa lile jicho lenye doa.

"Ni wewe," alisema Mzee Hesabu.

Basi! Kesi ikaisha. Alikwenda jikoni akachukua chujio kubwa la plastiki la kuoshea mchele, akamkimbiza Sugu kwa nusu saa nzima mpaka sebule ikalowa na shati likalowa na picha ya harusi yao ukutani ikalowa. Akamkamata. Akafunika chujio kwa mfuniko wa ndoo aliokwisha kuutoboa, akafunga kwa kamba, akalining'iniza kwenye kona ya tangi, nusu ndani ya maji. Hukumu ni siku saba, na chakula nusu. "Samaki mkunje angali mbichi," alimwambia, na alijiona amesema jambo kubwa sana kwa vile aliyekuwa akiambiwa alikuwa samaki kweli.

Kesho yake mkia wa Njano ukapungua tena.

Hapo mimi na wewe tungefikiri. Tungesema, ngoja kwanza, mbona mtuhumiwa yuko ndani na kosa linaendelea nje? Mzee Hesabu naye alifikiri, alifikiri sana, akakuna kidevu, akafikia uamuzi kwamba Sugu anatoa maagizo akiwa ndani. Mambo hayo aliyajua. Akachukua kitambaa cha meza akakizungushia chujio upande ule wa mbele, ili mfungwa asiwasiliane na wenzake kwa macho.

Jioni simu ikalia.

"Wangapi?" aliuliza Mkunga.

"Watano."

"Wazima?"

"Wote wapo."

"Sijauliza kama wapo."

"Mtandao mbaya, mama, sikusikii," alisema Mzee Hesabu aliyekuwa anasikia mpaka mashine ya kushonea ya jirani wa binti yake.

Siku ya nne akajaribu doria. Siku ya tano akajaribu kukemea, akigonga kioo kwa ufunguo, na Mlalahoi akajizika tena. Siku ya saba mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, na Mkunga akapiga simu akilia na kucheka kwa pamoja. Mzee Hesabu alifurahi hadi akakaa chini. Kisha akaliangalia tangi. Njano alikuwa nyuma ya pampu, mkia umebaki kijiti, halambi mawe, hasogei, hata chakula kikipita mbele ya mdomo hakitazami. Siku kumi na nne ziko karibu kuliko zinavyoonekana, na samaki asiyekula hazifikishi. Mzee aliitoa ile kofia chini ya soksi, akaishika kidogo, akairudisha. Aliogopa. Yeye, ambaye wanaume mia tatu walikuwa wakinyamaza akikohoa, alimwogopea samaki wa ukubwa wa sahani.

Kifungo cha Sugu kikaisha siku ya tisa. Kwa kuwa kosa lilikuwa linaendelea, akamwongeza saba nyingine. Baada ya hapo akavaa koti akaenda mjini kwenye duka la samaki wa mapambo, kwa mtu anayeitwa Daktari wa Samaki.

Daktari wa Samaki alikuwa amempa mgongo, anapima chumvi kwenye ndoo. Mzee Hesabu akaanza kueleza pale mlangoni: mtuhumiwa ni wa buluu, ana rekodi, yuko ndani, anatoa maagizo. Yule mtu akaacha kupima.

"Afande," alisema kabla hajageuka. "Sauti hiyo ningeijua hata ndani ya maji."

Akageuka. Mtu mzima sasa, mvi mbili tatu, aproni ya plastiki. Na kovu juu ya jicho.

Mzee Hesabu alimkumbuka. Jina hakulijua, ila namba yake ilimjia yote, mia nne na tisa, na sabuni nayo ikaja.

"Umemwona huyo wa buluu akimng'ata mwenzake?" aliuliza Daktari wa Samaki.

"Sihitaji kumwona. Ana rekodi."

"Afande, nimekuuliza umemwona?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza Mzee Hesabu swali hilo, tena mara mbili, tena na namba mia nne na tisa. Angeondoka. Wallahi angeondoka, kama si kile kijikofia. "Sijamwona," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi mchana nikifunga duka nitapita."

Akapita kweli, na mfuko wa vifaa. Alipoingia sebuleni alitafuta mahali pa kuona tangi vizuri, na kiti pekee kilicholitazama sawasawa kilikuwa kile cha mikono, kando ya dirisha. Akakikalia. Mzee Hesabu akavuta stuli ya jikoni.

Daktari wa Samaki akaliona chujio na kitambaa chake. "Huyu ana siku ngapi humo?"

"Saba. Nimemwongeza saba."

"Mimi pia uliniongeza," alisema yule mtu, bila ukali wowote, kama anayetaja hali ya hewa. "Sasa tunyamaze. Tutazame tu."

"Mpaka lini?"

"Mimi siku kumi na nne nilimtazama mjusi ukutani, Afande. Wewe huwezi saa moja?"

Wakanyamaza. Jamani, ilikuwa kazi! Mzee Hesabu hakuwahi kutazama kitu bila kukihesabu. Alihesabu watano mara nyingi mno mpaka hesabu yenyewe ikamchosha, ndipo kwa mara ya kwanza akaanza kuona. Aliona mume wa Bi Harusi anapepea chungu kwa mapezi yake, hapumziki, kama mtu anayechochea jiko. Aliona Bi Harusi anaenda na kurudi, anaenda na kurudi. Njano akajitokeza nyuma ya pampu, polepole, njaa imemzidi, akasogelea ukungu wa kijani kwenye jiwe lililo karibu na chungu. Bi Harusi akachomoka. Mzee hata hakuona safari yenyewe, aliona tu amefika, amebana kile kijiti cha mkia, anakitikisa kama mtu anayekung'uta mkeka.

Mzee Hesabu akasimama wima. "Haiwezekani! Huyu ni nyapara!"

"Ndiyo maana hukumwona," alisema Daktari wa Samaki. "Hata kule, funguo za stoo alikuwa nazo nani?"

Kisha akamwita karibu na kioo, akamwonyesha kwa kidole. Kwenye ubavu wa chungu, ndani kidogo, kulikuwa na madoa madogo mengi yamepangana, na kila doa lina vijicho viwili vya fedha. Mayai. Bi Harusi hakuwa mnene kwa kula vizuri. Alikuwa na mimba. Hakuwa anamchukia Njano hata kidogo. Alikuwa mama, na mtu amepita na mdomo wazi karibu na watoto wake. Mke wake Mkunga angelijua jambo hilo akiwa bado hajavua viatu.

"Na huyu wa buluu alipokuwa ndani," aliendelea Daktari wa Samaki, "mkia uliendelea kuliwa?"

"Uliendelea."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwongeza saba."

Daktari wa Samaki akakitoa kitambaa kwenye chujio.

"Na mimi nilipokuwa ndani, Afande. Sabuni ziliendelea kupotea?"

Mzee Hesabu alirudi kwenye stuli. Hadithi ile alikuwa ameisimulia mara mia, na hakuwahi kusimulia sehemu hii, kwa sababu hakuwahi kuiona kama sehemu ya hadithi. Ziliendelea. Miche miwili mwanzoni mwa wiki ile, mitatu mwishoni mwake. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mfungwa ana wenzake. Kisha akamwongeza saba.

Alitaka kusema neno. Lilifika kooni likakwama, na lililotoka badala yake lilikuwa, "Utakunywa chai?"

"Nitakunywa," alisema Daktari wa Samaki. "Mtoe kwanza huyo."

Mzee akafungua kamba, akainua mfuniko, akalilaza chujio ubavu ndani ya maji. Mlango wazi, tangi lote mbele yake, na Sugu hakutoka. Alikaa palepale katikati, anapepea mapezi. Mzee Hesabu alilijua jambo hilo pia. Alishafungulia watu lango kubwa asubuhi, na wengine walisimama kizingitini na mfuko wao, wanangoja mtu wa kuwaambia waende. Siku zile alikuwa akiwapigia kelele. Leo alikaa, akangoja. Chai ilipoa, akangoja. Sugu alipotoka hatimaye, alikwenda taratibu mpaka nyuma ya jiwe lake.

Chujio wakamwekea Njano, likawa wodi. Daktari wa Samaki akahamisha mawe yenye ukungu wa kijani mpaka upande ule mwingine, mbali na chungu, akamfundisha Mzee kumlisha Njano kidogo kidogo mara tano kwa siku, siyo nusu ya mfungwa. Akapita kesho yake, na kesho kutwa yake. Kila akija anakalia kilekile kiti. Kila akiondoka, Mzee Hesabu anabaki na neno lake kooni.

Siku ya kumi na tatu Njano akala. Mzee Hesabu alipiga makofi peke yake sebuleni, akatazama mlango kama kuna aliyemwona.

Siku ya kumi na nne Mkunga akaingia. Alikuta mambo mawili ambayo hakuyazoea: mumewe ameketi kwenye stuli ya jikoni, na mwanamume asiyemjua yuko kwenye kiti cha mumewe, anakunywa chai. Akasalimia, akaweka begi chini, akaenda moja kwa moja kwenye tangi.

"Huyu amezaa," alisema, kidole kwa Bi Harusi.

"Umejuaje?"

"Nimezalisha watu miaka mingapi? Mayai yameshaanguliwa, lakini mtazame anavyotembea." Akaendelea kutazama. Akahesabu kwa midomo. Watano. Kisha akamwona Njano ndani ya chujio lake la mchele, na mkia ulivyo. Akageuka polepole.

Mzee Hesabu alikuwa na maneno tayari. Wote wapo, angeweza kusema, na ingekuwa kweli. Akasimama mikono ubavuni, kama anayesoma taarifa mbele ya mkuu wake.

"Wapo watano, mama. Wazima kabisa si watano. Njano aling'atwa siku nane mbele ya macho yangu. Nilimfunga Samawati, na si yeye aliyefanya. Nikaona mkia unazidi kuliwa, nikamwongeza saba. Na huyu mgeni unayemwona kwenye kiti changu..."

Neno likakwama palepale linapokwama siku zote. Mkunga alingoja, kama anavyojua kungoja. Daktari wa Samaki aliweka kikombe chini.

"Huyu hakuiba sabuni," alisema Mzee Hesabu. "Sikumwona akiiba. Nilimtazama uso tu. Siku kumi na nne zake nilimwonea, na miaka yote hii nimemwonea tena kila mgeni akiketi hapa. Nisamehe, bwana. Hata jina lako silijui."

Yule mtu akafuta uso kwa aproni yake ya plastiki, ambayo haifuti kitu. "Jina nitakwambia, Afande," alisema. "Kwanza niongeze chai."

Mzee Hesabu akachukua kikombe, akaenda jikoni mwenyewe. Mkunga alibaki amesimama, kwa sababu kwa mara ya kwanza hadithi ya sabuni ilikuwa imepita pale pa chai na yeye bado yupo anaisikiliza. Akatoa simu.

"Mwanangu? Nimefika. Likizo yako ikiisha, mlete mtoto." Akasikiliza. "Hapana, mmoja mkia hana kabisa." Akasikiliza tena, akicheka na kujifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nimekwambia mlete. Baba yako anaweza."